Shuka, Nimeshika

4 Machi

Binti yetu amekuja na dawa ya goti langu, na dawa yenyewe imo ndani ya simu. Ni programu ya akili bandia inayotengeneza makadirio ya kazi za mafundi. Fundi anapanda juu ya paa, simu mfukoni, anataja vipimo na kupiga picha. Kabla hajashuka, bati, mbao, misumari na siku za kazi zimeshaorodheshwa vizuri na orodha kutumwa nyumbani.

"Na mimi?" nikauliza.

"Wewe utakaa hapa, Mama. Yakija utayapitia tu, uwatumie wateja. Goti litapumzika."

Mume wangu alikuwa amekaa mlangoni akikwangua lami kwenye buti zake. Ana jina lake, lakini hata marehemu mama yake aliacha kulitumia. Tangu ujanani, alipoanza kuezeka nyumba za watu, ni Kigae, na mimi ninayemwandikia makadirio naitwa Mama Karatasi. Alinitazama. Nami nikasema kwa mzaha, kama kawaida yangu, "Afadhali! Nimechoka kumshikia ngazi mtu mzima kama anajifunza kutembea."

Binti akacheka. Kigae akacheka pia, kisha akaendelea kukwangua buti ambalo lilikuwa limeshatakata.

5 Machi

Leo binti amelisha mashine makadirio yetu yote ya nyuma, yale niliyoyachapa kwa vidole viwili miaka nenda miaka rudi. Akataka nimweleze tunavyofanya kazi ili naye aieleze mashine.

Nikamweleza. Baba yako anapanda, mimi nabaki chini. Anataja kipimo kwa sauti ya mnadani, mimi nakirudia. Nisipokirudia haendelei, anakitaja tena mpaka niitikie. Akimaliza anagonga ngazi mara mbili kwa mpini wa nyundo, ko, ko. Hapo mimi nakanyaga kidato cha chini, nashika pande zote mbili, nasema, "Shuka, nimeshika." Hajawahi kuteremsha mguu kabla ya kusikia maneno hayo. Kabla hatujaoana ngazi iliwahi kumkimbia, akaanguka na kuvunjika mkono, na tangu hapo haiamini ngazi isiyo na mtu chini.

"Hiyo ya kugonga siiandiki, au vipi?" binti akauliza.

"Usiandike," nikamwambia. "Hiyo si hesabu."

7 Machi

Kigae ameenda peke yake. Kiti changu kwenye pikapu kimekaliwa na turubai. Nimesimama getini nikapunga mkono kama mtu anayesindikiza mgeni.

Makadirio yamefika chai yangu ikiwa bado ya moto. Nimeyapitia kutafuta kosa, na nimetafuta kwa bidii, Mungu anisamehe. Hakuna.

8 Machi

Makadirio matatu. Goti halijambo.

12 Machi

Kumbe mashine ina sauti ya kike. Nimeijua leo, Kigae alipokuwa akipima banda la jirani na upepo ukaniletea mazungumzo yao. "Mita saba na nusu," anasema yeye. "Mita saba na nusu, nimepokea," anajibu huyo wa mfukoni. Sauti laini, haina kikohozi, haimwambii sema tena lori limepita. Nilisimama na beseni la nguo mpaka wakamaliza.

Nimeipa jina: Bi Mdogo. Wakati wa chakula nikamuuliza Kigae, "Bi Mdogo hajambo?" Akapaliwa na maji.

"Huyo hana hata miguu!"

"Ndiyo maana hachoki kukufuata."

Tulicheka mpaka akafuta macho. Kwa muda mfupi nyumba ilikuwa kama zamani.

17 Machi

Mvua ya kwanza. Simu hazikomi. Watu hawakumbuki kama wana paa mpaka tone liwapate kwenye mto. Zamani siku kama ya leo tungepoteza wateja nusu kwa kuchelewa kuwafikia. Leo hatukumpoteza hata mmoja. Lazima niseme ukweli, Bi Mdogo anajua kazi.

19 Machi

Makadirio sita. Naona mwaka huu misumari imelegea kweli kweli, karibu kila paa lina mstari wa mwisho wa kukaza misumari. Labda ni ule upepo wa Februari.

22 Machi

Nina hamu na mume wangu. Nimeandika, nimeifuta, nimeiandika tena, kwa sababu ni jambo la kuchekesha. Mwenyewe huyu hapa, amejinyoosha kwenye kochi, mguu mmoja chini, soksi imetoboka kwenye dole gumba. Nikinyoosha mkono namgusa.

Ninachokitamani ni ile safari ya kurudi. Tukishapima nyumba ya mtu na kumuaga kwa heshima zote, pikapu ikikata kona tu, Kigae anaanza kumwigiza. Yule mwenye nyumba aliyesema paa lake linavuja "kidogo tu, kama jasho." Yule mama aliyetaka bati zisizopiga kelele mvua ikinyesha. Mimi najaza alichosahau, yeye anaongeza alichokiona kutoka juu, maana juu ya paa unaona mpaka uani kwa watu. Tukifika nyumbani mbavu zinauma, na kile kichekesho ni cha wawili.

Sasa akirudi namuuliza, "Habari za leo?" Anajibu, "Yote yamo kwenye simu." Na kweli yamo. Nayasoma: mita, vipande, kilo. Hakuna hata mtu mmoja humo.

23 Machi

Mvua.

24 Machi

Mvua. Makadirio matano.

30 Machi

Leo nimejikaza. Alipokuwa anafunga ngazi kwenye pikapu nikamwambia, "Nikusindikize?"

Akatazama mawingu, akatazama goti langu. "Mvua yote hii, bibie? Kaa ujifunike. Si ndiyo sababu tulinunua hiki kidude?"

Alisema kwa upole. Angesema kwa ukali ningegombana naye, na ugomvi ungetutoa pale tulipo. Nikarudi ndani nikapanga vikombe vilivyokuwa vimeshapangwa.

Nafikiri amezoea. Huenda ameona ni nafuu. Mimi chini nilikuwa nauliza maswali mengi, namwambia vaa kofia, namwambia usikanyage hapo pameoza. Bi Mdogo anasema nimepokea, basi. Mtu akishaonja raha ya kutopigiwa kelele, atamrudia mpiga kelele kwa lipi?

3 Aprili

Amerudi na tope upande mmoja wote, kuanzia sikioni mpaka kwenye buti.

"Nini hicho?"

"Nimeteleza getini kwa mteja."

Geti gani linamwagia mtu tope mpaka sikioni sijui. Nilimpashia maji ya kuoga. Alipokuwa bafuni nilitoka kuitazama ngazi. Mpira wa mguu wa kushoto umelika, chuma kimetokeza. Nimesimama pale mvuani nimeishika ngazi iliyolazwa chini, haina mtu juu yake.

4 Aprili

Nimekwenda dukani nikanunua mipira miwili mipya, nikaifunga mwenyewe kwa koleo Kigae akiwa amelala mchana.

Jioni ameuliza, "Nani amebadilisha mipira ya ngazi?"

"Bi Mdogo."

Hakucheka. Alikaa ananitazama, akafungua mdomo, kisha akauliza kama chumvi ipo.

8 Aprili

Makadirio manne. Mvua.

11 Aprili

Leo nimeaibika, na sijui kama naandika kwa aibu au kwa kitu kingine.

Mchana amekuja Daktari wa Meno, yule mwenye kliniki karibu na stendi. Kigae alimpimia juzi. Kliniki yake haina bati wala kigae, juu ni zege tupu, na maji yanasimama hapo yakinyesha. Alikuwa ameyachapisha makadirio yetu kwenye karatasi, akaiweka mezani na kuweka kidole kwenye mstari wa mwisho.

"Mama, nisomee hapa."

Nikasoma. Kukaza misumari iliyolegea.

"Mimi paa langu ni zege," akasema. "Twende sasa hivi. Ukinionyesha msumari mmoja tu, uliolegea au uliokazwa, nawapa kazi ya nyumbani kwangu pia." Akaendelea, bila hasira, na hiyo ndiyo iliyonichoma. "Mgonjwa wangu nikimwambia nimemziba jino ambalo hana, ataniitaje?"

Nimemwomba radhi kwa mikono miwili. Nimemwambia ni kosa, litafutwa, na aliyelifanya nitamjua. Akaondoka akisema atangoja hadi kesho, kwa sababu kazi ya Kigae imesifiwa na watu anaowaamini.

Nikafungua makadirio yote tangu Machi. Mstari ni ule ule, kila nyumba. Kumbe si upepo wa Februari. Mtu akituweka kwenye mizani na karatasi hizi sisi ni wezi, wezi wadogo wadogo wa mstari wa mwisho. Kigae, ambaye humrudishia mteja hata mabaki ya mbao!

Nikampigia binti kazini. Aliangalia huko aliko, akarudi kwenye simu. "Mama, sauti zote zimehifadhiwa. Inaelekea Baba anagonga kitu kwa nyundo, nayo inadhani anakagua misumari. Kwenye makadirio yenu ya zamani mstari huo umo mara nyingi, kwa hiyo inauongeza. Sikiliza utajua anagonga nini."

Nilikaa mezani nikasikiliza.

Nilianza na ile ya kwanza kabisa, ya tarehe saba Machi. Sauti ya Kigae, vipimo, Bi Mdogo na nimepokea zake. Vipimo vikaisha. Kisha ko, ko. Mpini wa nyundo kwenye ngazi. Ningeutambua mlio huo hata ningekuwa usingizini.

Baada ya hapo, kimya. Upepo tu, na pumzi zake. Kimya kirefu cha mtu anayengoja. Halafu akasema, "Haya," kwa sauti ndogo, na ngazi ikaanza kulia chini ya buti zake.

Nikafungua ya pili. Ko, ko. Kimya. "Haya." Ya tatu hivyo hivyo. Nikafungua ile ya siku aliyorudi na tope. Ko, ko. Kimya. "Haya." Kisha mkwaruzo wa chuma, kishindo, na Kigae akitukana tusi ambalo hajawahi kulitamka nikiwa karibu. Nilifunika mdomo kwa kanga ingawa nilikuwa peke yangu.

Mwisho nikafungua ya kwa Daktari wa Meno. Vipimo vikaisha. Ko, ko. Kimya. Mvua ilikuwa ikianza, nilisikia matone ya kwanza yakipiga mfuko wake wa shati. Nikangoja "haya" yake. Haikuja. Akagonga tena, ko, ko, kwa nguvu zaidi.

Bi Mdogo, na adabu zake zote, akasema, "Samahani, sijaelewa. Tafadhali rudia."

Kigae akamjibu polepole, kama mtu anayemsemesha mtoto wa jirani.

"Si wewe."

Nimeisikiliza mara ngapi sijui. Nimelia mpaka pua imeziba, na katikati ya kulia nimecheka, kwa sababu nilimwonea wivu mwanamke asiye na miguu, naye masikini kazi yake ilikuwa kuongeza misumari kila mume wangu aliponiita.

Nimewapigia wateja wote, mmoja mmoja. Nimewaambia mstari wa mwisho ulikuwa kosa letu na waliokwisha kulipa watarudishiwa. Mmoja amesikitika, alikuwa ameshawasimulia jirani zake jinsi tulivyo makini na misumari.

Kigae alirudi jioni. Nikamwambia kulikuwa na kosa, nimelirekebisha.

"Kosa gani?"

"La misumari."

Yeye akaitikia kwa kichwa, akavua buti.

12 Aprili

Asubuhi nimetoka kabla yake, nikaliondoa turubai kwenye kiti changu, nikaingia na kufunga mlango.

Akatokea na funguo mkononi. "Unakwenda wapi?"

"Kazini."

"Na goti?"

"Goti nalo linakuja."

Alisimama kidogo. Kisha akazunguka upande wake, akawasha gari.

Kazi ilikuwa ghala la muuza magodoro, linavuja palepale yalipo magodoro ya bei kubwa. Kigae akaweka ngazi, akapanda, simu mfukoni. Mimi nikakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Nilikuwa nimeamua kuwaacha wafanye kazi yao. Akataja, Bi Mdogo akapokea. Akataja, akapokea. Midomo yangu ilikuwa inarudia bila sauti, siwezi kuizuia.

Kisha ko, ko.

Nilikuwa nimejiandaa tangu jana, na bado ilinikuta sijajiandaa. Goti lilikataa kunyanyuka kwenye ile ndoo. Huko juu kukawa kimya, kimya kile kile cha kwenye simu, ila sasa nilikuwa ndani yake. Nikamsikia akisema, "Haya." Nikaona buti lake likitoka ukingoni, linapapasa kidato.

Nilijitupa kwenye ngazi kwa mguu mzima na mbovu pamoja. "Shuka, nimeshika!" nikapiga kelele, na muuza magodoro akatoka nje mbio akidhani kuna mwizi.

Buti likabaki hewani. Halikukanyaga. Taratibu likarudi juu, likapotea nyuma ya ukingo. Nilingoja nikiwa nimekumbatia chuma kile, uso juu, manyunyu yananiingia machoni.

"Mita tisa na robo!" sauti ya mnadani ikatoka juu. Kile kilikuwa kipimo cha kwanza. Alikuwa ameanza upya.

"Mita tisa na robo!" nikaitikia.

"Mita tisa na robo, nimepokea," akasema Bi Mdogo.

Tukaendelea hivyo, yeye anaita, sisi wake zake wawili tunaitikia, ghala zima kutoka mwanzo. Sauti ya Kigae ilikatika mara mbili, akajifanya anakohoa.

"Si alishapima?" muuza magodoro akaniuliza.

"Tunahakikisha," nikamwambia, sikumtazama.

Aliposhuka na kufika kidato cha chini, uso wake ukawa sawa na wangu, hakusogea. Alikuwa amelowa. Akasema, "Ulisema umechoka kunishikia ngazi."

"Nilikuwa natania!"

"Ulivyofurahi siku ile, nikasema basi, nimemtesa vya kutosha."

"Kigae, miaka yote hii hujui nikitania?"

"Mengine yote najua," akasema. "Hilo la ngazi ndilo sikulijua."

Pikapu ilipokata kona akaanza kumwigiza muuza magodoro akitoka nje mbio, tumbo mbele, kandambili moja mguuni. Nikamkumbusha kwamba mkononi alikuwa na mto. Ikabidi asimamishe gari kando ya barabara.

15 Aprili

Binti amekuja kurekebisha mashine. Anasema ni jambo dogo, unaifundisha mara moja tu kwamba kugonga kwa namna ile si misumari, nayo haitauongeza tena ule mstari.

"Iache," nikamwambia.

"Mama! Mkisahau kuufuta je? Daktari wa Meno mwingine akitokea?"

"Sitasahau."

Amenitazama kama nimeanza kuzeeka. Daktari wa Meno mwenyewe ametupa kazi ya kliniki, na ameuliza kwa kebehi kama tutahitaji nyundo.

28 Aprili

Goti limegoma leo. Kigae naye hakupanda. Amekaa nyumbani ananoa misumeno, wateja wawili wamenuna. Kesho tutaenda pamoja.

3 Mei

Mvua imepungua. Makadirio matatu.

14 Mei

Jua limetoka. Goti linauma kidogo, jana tulizunguka sana. Leo makadirio ni mawili, yote hayana kosa isipokuwa mstari wa mwisho. Kukaza misumari iliyolegea. Kukaza misumari iliyolegea.

Nimeifuta kwa mkono wangu, mmoja mmoja.